Salamu Ndefu Hewani

Kitu cha kwanza alichokiona Apolonia kilikuwa kidogo mno, hata akaona haya kukitaja: kaptula ya Onesmo ilikuwa nzima.

Kijana mwenyewe alikuwa ameketi kwenye benchi la mahabusu, kituo cha polisi cha mgodi wa Nyakalima, akinywa uji aliopelekewa na mama yake. Kaptula ya kaki ilikuwa imepauka kwa kufuliwa, nyuma ina kiraka, lakini mbele, juu ya mapaja, haikuwa na tundu hata la sindano. Apolonia alipokea kikombe kitupu, akasimama kidogo, akatazama tena, kisha akatoka.

Kazi yake pale kituoni ilikuwa kupekua wanawake. Mgodi ulikuwa wa dhahabu, na dhahabu hupita popote: kwenye pindo la kanga, kwenye nywele, kwenye mkate. Shule aliiacha darasa la tatu, lakini vidole vyake vilijua nguo. Na tangu alipoanza kuhudhuria mafunzo ya Jumamosi ya Klabu ya Redio, kwa amri ya Sajenti Maganga, alikuwa ameona jambo moja kwa wanafunzi wote wanaobeba betri. Nguo zao zilikuwa chekecheke. Maji ya betri yakikudondokea leo huoni kitu. Siku ya kufua ndipo kitambaa kinapofunguka.

Sajenti Maganga alikuwa nje, amesimama, anakunywa chai ya rangi. Alikuwa askari kanzu kutoka Shinyanga, mtu mrefu, mpole wa sauti, aliyevaa shati la kiraia lililofungwa vifungo mpaka shingoni hata kwenye jua kali.

"Sajenti."

"Sema, Apolonia."

"Kaptula yake haina matundu."

Sajenti alishusha kikombe. Hakucheka. "Kaptula ya nani?"

"Ya Onesmo. Kila anayebeba betri ana matundu. Hata wewe, hapo mkononi."

Sajenti akageuza mkono wa shati, akaona vitobo vitatu karibu na kifungo. Alikuwa amesaidia kubeba betri mara moja tu.

"Huenda ana kaptula nyingine."

"Hana. Siku alipokamatwa nilipekua nyumba yao, mimi na mama yake, Mama Paskalia, tukiwa ndani. Ana hiyo na suruali ya kanisani."

"Na ya kanisani?"

"Nzima."

Sajenti alimwaga machicha ya chai chini, akabaki anayatazama kana kwamba yana maandishi. Onesmo alishtakiwa kwamba anaendesha mtambo wa kurushia habari hewani bila leseni, na kwamba kila doria ya polisi inapotoka kwenda Runzewe, kule wanakochenjulia dhahabu ya magendo, yeye anawatangulizia wezi habari. Doria zilikuwa zikifika zinakuta majivu ya moto na mashimo matupu. Na leo hii, mchana, gari lingempeleka Mwanza. Akishafika Mwanza na makaratasi yakishatiwa mihuri, nani angemrudisha?

"Nyumbani kwao hakuna umeme," Sajenti alisema taratibu. "Mtambo wa kurusha unataka betri kubwa ya gari. Betri inataka kupelekwa ikachajiwe, irudi, ipelekwe tena. Na mbebaji haponi." Akaweka kikombe juu ya ukuta. "Twende kwa Mwalimu."

*

Klabu ilikuwa kwenye banda la zamani la mafundi, bati juu, kuta za mbao, na nguzo ndefu iliyobeba waya wa antena hadi kwenye mti wa mkuyu. Leseni ilikuwa kwa jina la fundi mkuu wa umeme wa mgodi, lakini mwenye darasa alikuwa Mwalimu Kalisti. Wakati wa vita alikuwa mpiga simu za jeshi huko Burma. Aliporudi, badala ya kununua ng'ombe kama wenzake, aliomba vyuma vibovu.

Kila Jumamosi banda lilijaa makarani, mafundi na wapakiaji. Huku wanaunganisha redio ndogo kwa mabaki ya waya na mikebe. Huku wanagonga alama za Morse, nukta na vistari, benchi zima likilia kama kundi la nyenje. Nje wengine wanajifunza kupandisha antena bila kuvunjika shingo. Lakini somo lililopendwa kuliko yote lilikuwa mawindo. Mwalimu alificha mtambo mdogo vichakani, na wanafunzi wakautafuta kwa sauti yake, kila kundi na redio ya betri na kitanzi cha waya juu ya fremu ya mbao.

Sajenti alifunga mlango wa stoo. Ndani walikuwa watatu tu: yeye, Apolonia na Mwalimu, ambaye alikuwa anafuta visikilizio vya masikioni kwa kitambaa.

"Mwalimu, nieleze tena kama mtoto. Wiki zile ulipomsikia mtu asiye na leseni, mlijuaje kwamba ni Onesmo?"

"Sikusema ni Onesmo. Mimi nilishika kitanzi hapa hapa uwanjani. Unakizungusha mpaka sauti inakufa. Inapokufa, kitanzi kimekuonyesha mstari. Bwana Inspekta akaufuata mstari kuelekea mashariki, akakuta nyumba yenye waya juu ya bati na redio mezani. Akasema, basi."

"Redio gani?"

"Ya kusikilizia tu. Kazi ya darasa. Nusu ya wanafunzi wangu wanazo."

"Na mstari uliishia pale?"

Kalisti alitikisa kichwa. "Kitanzi hakina uso wala kisogo, Sajenti. Kinakwambia, mtu yuko kwenye mstari huu. Yuko mbele yako au nyuma yako, hilo hakijui. Nilimwambia Bwana Inspekta. Akaniuliza, magharibi kuna nini? Nikamwambia kuna vichaka na pampu ya maji. Akasema vichaka havigongi Morse."

"Kwenye pampu anaishi nani?"

"Donatus na mkewe. Mtu wa pampu ndiye pia anayetuchajia betri."

Sajenti na Apolonia walitazamana. Mashati ya Donatus, kila mtu aliyajua, yalikuwa na matundu mengi kuliko nguo.

"Usifurahi bado," Mwalimu akasema. "Donatus ana haki ya matundu. Ndiyo kazi yake. Mnataka mstari wa pili, uvutwe kutoka mahali pengine. Mistari miwili inapokutana, pale pana mtu. Taabu ni kwamba huyu mwizi hakai hewani. Anagonga kama anayekanyaga makaa. Ukianza kuzungusha kitanzi, keshanyamaza."

"Anasema nini?"

"Sijawahi kumpata mpaka mwisho. Ninachojua, anaanza na shikamoo."

"Shikamoo?"

Mwalimu alicheka kidogo, kama mtu aliyeshikwa na kosa lake. "Ni mimi. Jeshini ningechapwa viboko kwa upuuzi huo. Lakini hapa nilipoanza kufundisha, vijana mikono iligoma. Namwambia mmoja, mgongee mwenzako wa benchi lile, mwambie alete nyundo. Anakaa tu. Kumbe yule wa benchi lile ni mkubwa wake. Atamwagizaje mtu mzima nyundo hajamwamkia? Basi nikaifanya shikamoo kuwa somo la kwanza. Hakuna mahali pengine duniani wanapoanza hivyo. Kwa hiyo mwizi kafundishwa hapa, au kafundishwa na aliyefundishwa hapa."

Nje mtu alikuwa anapigilia msumari, anakosea, anajilaumu kwa Kisukuma.

Apolonia alikuwa akizungusha kipande cha waya kidoleni. Alisema kwa sauti ndogo, akikitazama kile kipande: "Anayemwamkia ni mkubwa wake."

"Ndiyo, mayu, mama yangu."

"Na mkubwa akimuuliza habari za nyumbani?"

Mwalimu alisimamisha kitambaa.

"Na za watoto," Apolonia akaendelea, masikio yanamuwaka kwa haya. "Na za ng'ombe. Na mvua. Atamkatiza?"

Sajenti Maganga alikaa juu ya kreti polepole. Mwalimu Kalisti alifunika mdomo, mabega yakaanza kumtikisika, na machozi yakamlengalenga kabla cheko halijatoka.

"Hawezi," alisema. "Mungu wangu, hawezi. Mtu wa huku hawezi kumkatiza mkubwa katikati ya salamu hata nyumba ikiungua. Akishagonga shikamoo, naingia mimi mbele ya mwenziwe, kwa mtambo wa klabu. Mtambo wetu una nguvu, yule mwingine atamezwa. Nitamuuliza mpaka habari za mbwa."

"Leo atagonga kweli?" Apolonia aliuliza. "Onesmo akiwa ndani, si bora anyamaze?"

"Ni bora anyamaze," Sajenti alisema, akiinuka. "Ndiyo maana lazima tumpe habari asiyoweza kukaa nayo."

*

Darasa lilipokusanyika, Sajenti alisimama mbele, akaomba radhi kwamba leo hatashiriki mawindo mpaka mwisho.

"Lori la askari linatoka saa nane. Tunakwenda Runzewe, kule bondeni kwenye makarai ya kuoshea dhahabu. Safari hii haturudi mikono mitupu."

Alisema kama mtu anayelalamika kukosa mchezo wa mpira. Wanafunzi wakamtania. Mmoja akasema, "Sajenti, utuletee hata punje ya kung'arisha jino." Mwingine akasema polisi wakienda Runzewe huenda kununua samaki, dhahabu wameikosa mara ngapi.

Donatus alicheka kuliko wote. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, aliyezoea kubeba vitu vizito huku anapiga soga. Cheko lilipokwisha akamwendea Mwalimu. "Betri ya kundi la Apolonia imechoka. Niruhusu nikachukue nyingine nyumbani."

"Nenda, Baba Klara. Usikawie."

Apolonia alimtazama akipanda njia ya pampu, shati limemshika mgongoni, mwanga unapenya kwenye matundu. Ni yeye, alijiambia. Anakwenda kugonga sasa. Alitaka kuvaa visikilizio pale pale.

Lakini Donatus alirudi baada ya muda mfupi tu, betri begani, jasho linatiririka, na hewani hapakuwa na chochote zaidi ya mikwaruzo.

"Twendeni," alisema. "Leo lazima tuwe wa kwanza. Nimechoka kushindwa na makarani."

Kundi lao lilikuwa la watu watatu: Apolonia na kitanzi, Sajenti na ramani, Donatus na betri. Makundi mengine yalitawanyika kwa kelele kuelekea mtoni. Wao walipanda hadi uwanja wa ghala la pamba, kusini ya kambi, mahali palipoinuka, ambapo mapaa yote ya bati ya mgodi yalionekana yakimeta. Apolonia akasimamisha fremu. Makundi mengine yalikuwa yanasikiliza mtambo wa Mwalimu uliofichwa. Redio ya Apolonia ilikuwa imewekwa kwenye masafa mengine, pale mwizi alipozoea kusikika, na visikilizio vilikuwa masikioni mwake peke yake.

"Unasikia?" Donatus aliuliza.

"Bado."

"Geuza kulia. Mwalimu anapenda kuficha upande wa makaburi, anajua mnaogopa."

"Baba Klara, mwache mwenzio asikie," Sajenti alisema.

Donatus akaketi juu ya jiwe, betri mapajani, waya kutoka kwenye betri umenyooka mpaka kwenye redio. Hakuweza kwenda popote bila kuivuta redio nzima. Akaanza kuwasimulia habari za fisi aliyeingia kwenye kantini ya mgodi.

Ndipo ilipokuja. Nyembamba, kama wadudu ndani ya nyasi.

Nukta tatu. Nukta nne. Nukta mbili.

Apolonia alikuwa bado mzito wa kusoma, lakini neno hilo alilijua kama jina lake, maana ndilo walilogongeshwa wiki nzima ya kwanza. Shikamoo. Mwizi alikuwa hewani. Akainua macho ghafla kumtazama Donatus.

Donatus alikuwa ameketi palepale, mikono miwili juu ya betri, akimwonyesha Sajenti jinsi fisi alivyotoroka na sufuria shingoni.

Si yeye. Walikuwa wamemwekea macho mtu asiyehusika. Onesmo yuko ndani, Donatus yuko hapa, na mkono fulani unagonga shikamoo kwa utulivu kabisa. Kitu kimoja tu kilimzuia asikate tamaa: kabla sauti haijafa, jibu liliingia kwa nguvu ya radi, mpaka akarudi nyuma hatua. Mwalimu Kalisti.

"Marahaba. Hujambo?"

Kimya kidogo. Apolonia aliomba kwa moyo wote. Mwizi mwenye akili timamu angejiuliza kwa nini mtu wa mbali amesikika kama amesimama mlangoni. Lakini adabu ilikuwa nyepesi kuliko akili.

"Sijambo," kidole kikajibu.

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri."

"Watoto?"

"Wazima. Mdogo alikohoa."

"Pole. Amepona?"

"Amepona."

Apolonia alishika fremu kwa mikono miwili, akaanza kuzungusha. Polepole, kama alivyofundishwa, kama unavyofungua kifuniko cha mtungi wenye maziwa. Sauti ikawa nene, ikawa nyembamba.

"Ng'ombe?"

"Wazima. Mmoja amezaa."

"Dume au jike?"

"Jike."

"Vizuri sana. Rangi gani?"

Apolonia aliuma midomo asicheke. Aliyekuwa anagonga alikuwa na haraka, ilisikika kwenye vistari vilivyokatika, na hata hivyo alijibu: nyeusi, madoa meupe tumboni. Mvua? Imenyesha juzi. Mtama? Umeota. Fremu ikaendelea kuzunguka, sauti ikawa uzi, ikawa pumzi.

"Na mwenzio?"

"Yuko kwa Kalisti."

Vidole vya Apolonia viliganda juu ya mbao. Mwenzio yuko kwa Kalisti. Darasani, mbali na yeye Apolonia, walikuwa wanaume tu: anayegonga alikuwa mwanamke, na mumewe alikuwa kwenye mafunzo.

"Haya," Mwalimu akagonga. "Sema sasa."

"Askari wanakuja. Lori. Saa nane. Ondoeni makarai."

Na hapo hapo, kitanzi kikiwa kimenyooka, sauti ikafa.

Apolonia hakusogeza fremu. Alivua visikilizio kwa mkono mmoja. "Sajenti," alisema. "Mstari."

Sajenti Maganga alikuwa tayari amepiga magoti na ramani. Mstari wa kwanza, wa Mwalimu, ulikuwa umechorwa juu yake kwa penseli, kutoka mashariki kwenye nyumba ya Onesmo, ukapita kwenye banda la klabu, ukaenda magharibi. Alitazama fremu, akatazama mapaa, akalaza rula, akavuta. Mstari mpya haukukaribia hata kidogo nyumba ya Onesmo. Ulikwenda ukakata ule wa kwanza upande wa magharibi, pale palipochorwa duara dogo la tangi la maji.

"Pampu," alisema kwa sauti ya chini.

Hadithi ya fisi ilikatika. Donatus alianza kuiteremsha betri chini, taratibu sana.

"Usiitue, Baba Klara," Sajenti alisema bila kuinua kichwa. "Tunaipeleka kwako."

*

Nyumba ya pampu ilikuwa chumba kimoja cha matofali chini ya tangi la chuma lenye miguu minne. Sajenti alimwacha Donatus chini ya ulinzi wa konstebo waliyempitia getini, akagonga mlango.

"Naoga," sauti ya mwanamke ikajibu. "Wanaume msiingie."

Sajenti alirudi nyuma hatua mbili, akajikuna shingo. Kisha akamtazama Apolonia. Hakuna mwingine aliyeweza kuingia mlango ule.

"Kapekue tu kama kawaida," alinong'ona. "Ukipata kitu, nitakuja kumhoji."

Apolonia akasukuma mlango. Euphrasia, mke wa Donatus, alikuwa amesimama katikati ya chumba, amevaa kamili, hana hata tone la maji mwilini. Mtoto alikuwa mgongoni kwenye mbeleko. Kwenye kona, chini ya magunia ya mtama, waya mweusi ulijitokeza kama mkia wa panya na kupanda ukutani kuelekea tangi.

Euphrasia alikuwa mkubwa kwake kwa miaka kadhaa. Ulimi wa Apolonia ukatangulia kabla hajawaza.

"Shikamoo, Mama Klara."

"Marahaba." Macho yake yalikuwa makali, lakini aliitikia. "Umekuja kunipapasa?"

"Ndiyo."

"Papasa. Wewe ndiyo kazi yako. Umetupapasa wanawake wa kambi nzima, hujawahi kutuuliza hata tumeamkaje."

Ilikuwa kweli. Apolonia alipitisha mikono kwenye mapindo, kiunoni, kwenye nywele. Hakuna kitu. Alipofika nyuma akasita. Mtoto alikuwa amelala, shavu limebonyea, lakini alikuwa amekaa upande. Mtoto aliyebebwa sawasawa hulala katikati ya mgongo. Huyu alikuwa amesukumwa na kitu. Apolonia aliingiza vidole taratibu asimwamshe, kati ya tumbo la mtoto na mgongo wa mama, akatoa kigongeo cha Morse, cha shaba juu ya kibao, bado kina joto.

Kazi yake kwa kawaida ilikuwa imekwisha hapo. Hutoka nje, hukabidhi, wanaume huuliza. Lakini alimwona Euphrasia akimeza mate, akijiandaa, na akaelewa kwamba akitoka sasa, mwanamke huyu atapata muda wa kutunga maneno. Atasema Onesmo ndiye aliyekileta.

"Nani alikufundisha?" aliuliza.

Euphrasia alishangaa. "Una sauti, kumbe."

"Nani?"

"Mume wangu. Jioni, kwa kugonga kijiko kwenye kikombe. Nilikuja klabu yenu siku ya kwanza ile ile. Wakaniambia hili ni darasa la wanaume, nenda kapike. Nikarudi nyumbani. Wiki mbili baadaye nakuona wewe umekaa benchi la mbele." Alitabasamu bila furaha. "Nikasema sawa. Nitakuwa mwepesi kuliko wote."

"Wa Runzewe ni nani?"

Euphrasia alivuta mbeleko, akaikaza.

"Mama Klara, uliyeongea naye leo hakuwa wa Runzewe. Alikuwa Mwalimu Kalisti."

Euphrasia akakaa juu ya magunia, mkono mmoja nyuma ukimshika mtoto.

"Baba yangu," alisema. "Wa Runzewe ni baba yangu. Nikashangaa. Nikasema leo mzee amekuwa mwema, ananiuliza habari za ndama." Akafuta uso kwa ncha ya kanga. "Hajawahi kuniuliza habari ya kitu chochote. Husema tu, sema upesi."

Apolonia alikishika vizuri kigongeo. "Onesmo alifika hapa?"

"Onesmo yupi? Yule wa Mama Paskalia? Hajawahi kukanyaga hapa. Betri zenyewe haziwezi, zingemvunja."

"Utasema hivyo mbele ya Sajenti?"

"Nimekwisha sema mbele yako," Euphrasia alijibu kwa uchovu. "Si wewe ni polisi?"

Nje, Sajenti alisikiliza maelezo yote ameinamisha kichwa. Aliingia, akainua magunia, akauona mtambo, akatoka. Kisha akatazama jua, na uso wake ukabadilika.

"Gari la Mwanza," alisema. "Siwezi kuwaacha hawa wawili na konstebo mmoja. Apolonia, chukua kigongeo. Kimbia."

Apolonia alivua viatu, akavishika mkono mmoja, kigongeo mkono mwingine. Aliteremka kwa njia ya mkato katikati ya mawe na katani, sketi ya kazi imepandishwa magotini, hajali nani anamwona. Wanafunzi wa klabu waliokuwa mtoni walimpigia mbinja wakidhani amekwisha upata mtambo wa mawindo. Hakuwajibu. Alikuwa anacheka na kupumua kwa pamoja. Alijua. Kwa mara ya kwanza alikuwa anajua kitu chote, mwanzo mpaka mwisho, na kilikuwa mkononi mwake.

Gari lilikuwa limekwisha washwa. Onesmo alikuwa nyuma, pingu mikononi, katikati ya askari wawili. Mama Paskalia alikuwa ameshika ubao wa gari kana kwamba angeweza kulizuia. Bwana Inspekta alikuwa kiti cha mbele, kofia magotini, amegeuza uso asimwone yule mama.

Apolonia alisimama mbele ya boneti. Dereva akapiga honi.

"Kuna nini?" Inspekta alitoa kichwa dirishani. "Wewe ni yule wa kupekua. Kama kuna kitu, mwambie karani. Gari linaondoka. Umesikia?"

Tangu siku ya kwanza ya kazi, kwa kila mkubwa aliyewahi kumsemesha, Apolonia alikuwa na jibu moja. Ndiyo, Bwana. Alilisema alipokubali, akalisema alipokataa, akalisema hata pale ambapo hakuelewa alichoambiwa. Lile jingine lilikaa ndani, likazeeka humo humo, hakuna aliyewahi kulisikia.

Aliweka kigongeo juu ya boneti iliyokuwa ikitetemeka.

"Hapana, Bwana," alisema. "Onesmo haendi."